Usione Vyaelea: Jinsi ya Kuitambua Suti Njema Kabla ya Kuilipia

Karani apatapo mshahara wake wa kwanza, au mkulima auzapo kahawa yake, kitu kimoja akitamanicho mara nyingi ni suti. Ataivaa siku ya arusi, ataivaa ibadani na barazani, ataivaa atakapoitwa mbele ya wakubwa kuomba kazi. Huenda ikamkaa miaka kumi, au ikamwaibisha kabla ya mwaka kwisha. Fedha zitolewazo kwa nguo hiyo ni jasho la miezi mingi. Hata hivyo watu wengi huinunua kwa kutazama rangi na kuuliza bei tu, kama mtu anunuaye ng'ombe kwa kutazama pembe zake.

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Jahazi lipitapo baharini, mtazamaji huona tanga na rangi, lakini kilizuiacho lisizame ni mataruma na misumari iliyofichwa ndani, ambayo fundi aliipiga siku nyingi zilizopita. Suti nayo ni vivyo hivyo. Lililo la thamani ndani yake halionekani kwa mara moja, na muuzaji asiye mwaminifu hufurahi likiwa halionekani.

Katika masoko ya mitumba kama Gikomba, mjini Nairobi, makoti mawili huweza kutundikwa kwenye msumari mmoja kwa bei moja. La kwanza lilipigwa sindano na fundi kwa siku nyingi; la pili liligandishwa kwa gundi kiwandani kwa muda mfupi. Ajuaye hulichukua la kwanza akaenda zake kimya. Asiyejua hulichukua la pili kwa kuwa lang'aa zaidi. Elimu inayowatenga watu hao wawili si kubwa. Ni mambo matatu tu: kitambaa, kipimo, na kazi ya fundi; na kila moja laweza kupimwa kwa macho na vidole papo hapo sokoni.

KITAMBAA

Suti za desturi hushonwa kwa sufu, yaani manyoya ya kondoo. Unyoya wa kondoo una mawimbi mawimbi, hata ukikunjwa hutaka kurudi kama ulivyokuwa. Ndiyo maana koti la sufu lililokunjamana safarini, likitundikwa usiku kucha, huamka limenyoka. Tena sufu hunywa unyevu wa mwili bila kuonekana imelowa, na haishiki moto upesi.

Lakini sufu si ya namna moja. Iko inayochanwa kwa vitana mpaka nyuzi fupi zitoke na nyuzi ndefu zilale sambamba. Uzi wake huwa mwembamba, laini na wenye nguvu, na kitambaa chake huonyesha wazi jinsi kilivyofumwa. Hiyo ndiyo sufu ya suti za kazini. Waingereza huiita kwa jina la Worstead, kijiji cha Norfolk ambacho wafumaji wake wa zamani walipata sifa kwa kazi hiyo. Iko nyingine ambayo huchambuliwa tu, nyuzi fupi na ndefu zikachanganyika. Uzi wake huvimba na kushika hewa, kwa hiyo kitambaa chake huwa kinene, chenye vinyoya na joto. Katika jamaa hiyo wamo flaneli na twidi.

Twidi iliyo mashuhuri kupita zote hutoka katika visiwa vya Outer Hebrides, magharibi ya Scotland, nchi ya mashamba madogo na upepo mwingi. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1993 yasema ya kuwa kitambaa hakiwezi kuitwa Harris Tweed ila kiwe kimefumwa kwa mkono na wenyeji wa visiwa hivyo nyumbani kwao, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa huko huko. Kitambaa kilichokubaliwa hupigwa chapa ya tufe lenye msalaba juu yake. Aionaye alama hiyo ndani ya koti la mitumba amepata kitambaa cha kudumu. Koti hilo litamfaa sana Limuru au Molo asubuhi ya mwezi wa Julai. Lakini asilipeleke Mombasa, maana litampika.

Baada ya kujua uzi, yafaa kujua jinsi ulivyofumwa. Kila kitambaa kina nyuzi za urefu, ziitwazo mtande, na nyuzi za upana zipitazo katikati yake, ziitwazo mshindio. Mshindio ukipita juu ya uzi mmoja na chini ya uzi mmoja, kama mkeka wa kawaida, kitambaa huwa chepesi na upepo hupenya. Ukipita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili, ukisogea hatua moja kila mstari, huonekana michirizi inayokwenda mshazari. Hiyo ndiyo namna ya drili na gabadini. Kitambaa cha namna hiyo huanguka vizuri mwilini na hustahimili kusuguliwa, kwa hiyo hupendwa kwa suruali.

Jambo la tatu ni uzito. Wauzaji wa vitambaa hupima sufu kwa gramu katika kila mita moja ya jora lenye upana wa sentimita 150 hivi. Kitambaa cha gramu 250 mpaka 280 ni chepesi. Cha gramu 340 mpaka 400 ni cha wastani, na kinachozidi hapo ni kizito. Watu wa nchi za joto hudhani ya kuwa chepesi zaidi ndicho bora daima. Sivyo. Kitambaa chepesi mno hukunjamana kiunoni na magotini kabla ya saa sita, wala hakina nguvu ya kuanguka chenyewe. Karani wa Kisumu au Mombasa atapata nafuu zaidi kwa sufu ya wastani iliyofumwa wazi kama mkeka, maana upepo hupita, kuliko kwa sufu nyembamba iliyofumwa kwa kubanwa.

Tena iko hesabu moja iwadanganyayo wengi. Kwenye lebo za suti huandikwa "Super 100's", "Super 120's", "Super 150's", na muuzaji husema ya kuwa namba ikipanda ubora nao umepanda. Kwa kweli namba hiyo yaeleza wembamba wa unyoya tu. Super 100's maana yake unyoya usiozidi mikroni 18.75 kwa unene, na Super 150's usiozidi mikroni 16.25. Mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, na unywele wa mtu kwa kawaida hupita unene huo mara tatu au zaidi. Unyoya mwembamba zaidi ni laini zaidi na ghali zaidi, lakini pia huchakaa upesi. Mwenye suti nyingi aweza kujipendeza kwa Super 150's. Mwenye suti moja, apandaye matatu kila siku na kukaa kitini saa nane, ni heri achague kati ya 100 na 120.

PAMBA, KITANI NA NYUZI ZA KIWANDA

Pamba haina mawimbi ya sufu, kwa hiyo hushika mikunjo. Lakini hufulika kwa sabuni na maji, na ngozi huipenda. Drili ya kaki ni mfano mzuri. Neno kaki lilitoka katika lugha za Kiajemi na Kiurdu, na maana yake ni rangi ya vumbi. Majeshi ya Uingereza yaliyokuwa Bara Hindi yalianza kuivaa katika miaka ya 1840, na baadaye ikaenea kwa askari na matarishi wa Afrika ya Mashariki. Kitani nacho hutoka katika shina la mmea. Ni kitambaa cha baridi kuliko vyote, na mikunjo yake ni ya asili. Asiyeipenda mikunjo asinunue kitani.

Kutambua kitambaa kwa vidole si elimu ya wageni. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, nacho kikaitwa amerikani. Misafara ilikichukua mpaka maziwa makuu, na huko bara kilitumika kama fedha. Viwanda vya nchi nyingine vilipojaribu kukiiga, wanunuzi wa bara walikishika, wakakivuta, wakakikataa kile kilichokuwa chepesi. Mababu hao hawakusoma lebo yoyote. Walisoma nyuzi zenyewe.

Siku hizi mnunuzi hukutana zaidi na nyuzi za kiwanda. Poliesta, ambayo wazee waliijua kwa jina la terilini, ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na wataalamu wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Si kitu kibaya kwa kila kazi. Haikunjamani, hukauka upesi, na ikichanganywa kidogo na sufu huongeza nguvu za suruali. Ubaya wake ni kwamba hainywi jasho, na ikipigwa pasi ya moto hung'aa kama kioo. Suti ya poliesta tupu, katika ofisi isiyo na upepo, humchosha mvaaji kabla ya kazi yenyewe kumchosha. Basi anayeuziwa poliesta alipe bei ya poliesta, asilipe bei ya sufu.

Ziko njia mbili za kupima. Ya kwanza, mnunuzi akikamate kitambaa ngumini, akibane na kuhesabu mpaka kumi, kisha akiachilie. Sufu njema hunyoka karibu yote papo hapo. Pamba na kitani hubaki na alama. Poliesta pia hunyoka, kwa hiyo kuna njia ya pili. Avute nyuzi mbili tatu katika akiba ya mshono, baada ya kumwomba muuzaji ruhusa, azichome kwa kiberiti mbali na nguo. Sufu huungua polepole na kunuka kama nywele zinazoungua, na jivu lake huvunjika likisagwa kwa vidole. Pamba na kitani huwaka upesi na kunuka kama karatasi. Poliesta huyeyuka, kisha hubaki kitone kigumu kama ushanga.

KIPIMO

Kitambaa bora kikikatwa vibaya ni hasara iliyo ghali zaidi. Hapa mnunuzi anapaswa kujua yapi yarekebishikayo na yapi yasiyorekebishika, kwa maana muuzaji husema daima ya kuwa fundi atapunguza.

Lisilorekebishika kwa urahisi ni bega. Mshono wa bega uishie pale bega la mtu liishiapo, wala usining'inie chini yake kama koti la kuazima. Mvaaji asimame kando ya ukuta na kuusogelea polepole: koti likiugusa ukuta kabla ya mkono wake, bega hilo ni kubwa mno. Koti lenye bega baya liachwe, hata likiwa rahisi kama nini. Kulitengeneza ni kuling'oa mikono yote na kulikata upya, na gharama yake hupita bei ya koti lenyewe.

La pili ni ukosi. Ukosi wa koti ukae juu ya ukosi wa shati shingoni bila nafasi kati yao, hata mtu ageuzapo kichwa. Pakiwa na pengo, koti halikukatwa kwa mgongo wake. Watu walioinama kwa kazi ya mezani, na wale wasimamao wima sana kama askari, hupatwa na kasoro hii mara nyingi katika nguo zilizo tayari, maana kiwanda humkatia mtu wa wastani ambaye huenda hayupo.

La tatu ni kifua. Kifungo kikifungwa, mkono uweze kupita ndani bila taabu. Ikionekana mikunjo iliyokutana kifungoni kwa mfano wa herufi X, koti labana. Kifua kinachobana kidogo huweza kulegezwa kama ndani ya mishono kumeachwa akiba ya kitambaa. Urefu wa koti ufunike makalio. Nao hauongezeki kamwe, na ukipunguzwa sana mifuko hukaa mahali pasipofaa.

Yaliyobaki ni mepesi kwa fundi. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo cha mkono, ili shati lionekane kiasi cha sentimita moja. Suruali ikae kiunoni bila kutegemea ukanda, na pindo lake liguse kiatu kwa mkunjo mmoja mdogo, au usiwepo kabisa. Suruali inayojikusanya juu ya viatu humfupisha mtu, na huchakaa kisiginoni. Kifungo cha chini kabisa cha koti huachwa wazi kwa desturi, na makoti mengi hukatwa kwa kulifuata jambo hilo. Akifungaye hulipotosha pindo.

KAZI YA FUNDI

Sasa yafaa kuingia ndani ya jahazi na kuyatazama mataruma. Kati ya kitambaa cha nje cha koti na bitana yake, upande wa kifua, pana kitambaa cha tatu kisichoonekana. Ndicho kiupacho ukosi mkunjo wake na kifua umbo lake. Katika koti la fundi hodari kitambaa hicho ni kanvasi, iliyofumwa kwa pamba au sufu pamoja na manyoya ya farasi, nayo hushikizwa kwa mishono mingi midogo iliyolegea. Kwa kuwa haikugandishwa, husogea pamoja na mwili, na kadiri koti livaliwavyo ndivyo linavyozidi kulifuata umbo la mwenyewe.

Katika koti rahisi kazi hiyo hufanywa na kitambaa chenye gundi, kilichobanwa kwa moto juu ya kitambaa cha nje. Siku za kwanza makoti hayo mawili hufanana. Lakini joto, mvua na kufuliwa huilegeza gundi, na kifuani hutokea malengelenge ambayo hakuna pasi wala fundi awezaye kuyaondoa. Haki yasema pia ya kuwa gundi za leo ni bora kuliko za zamani, na kwamba yako makoti ya wastani yenye kanvasi kifuani na gundi chini tu, ambayo kwa mtu wa mapato ya kadiri ni ununuzi wa busara.

Kulitambua ni rahisi. Mnunuzi ashike koti karibu na tundu la kifungo la chini, kidole kimoja nje na kingine ndani, kisha avitenganishe vitambaa taratibu. Akihisi kitu cha tatu kinachoteleza katikati, amepata kanvasi. Akihisi pande mbili tu, na ule wa nje ni mgumu kama karatasi, amepata gundi. Afanye hivyo tena juu zaidi, kifuani, ili kujua kama ni kanvasi ya nusu.

Dalili nyingine zamngoja atazamaye. Kama kitambaa kina mistari au mirabaraba, mistari ya mfuko ikutane na ya koti, na ya mgongo ikutane na ya ukosi. Kufanya hivyo hula kitambaa zaidi, na fundi bahili hakubali. Matundu ya vifungo yaliyopigwa kwa mkono huwa na uzi uliojaa, usio sawa kabisa kama wa mashine. Vifungo vya pembe huwa baridi vikiguswa na kila kimoja kina michirizi yake, hali vya plastiki hufanana vyote. Ndani ya suruali, mshono wa nyuma uwe na akiba ya sentimita mbili au tatu, maana mwenye kuvaa hatabaki mwembamba siku zote. Shati nalo lina siri yake: shati la kazi nzuri huwa na mishono midogo ipatayo 20 katika inchi moja, na la haraka huwa na nusu yake, likaanza kukunjamana mishononi baada ya kufuliwa mara mbili tatu.

Mtaa wa Savile Row, mjini London, ni mashuhuri kwa kazi hii tangu karne ya 19. Chama cha mafundi wa mtaa huo, kilichoanzishwa mwaka 2004, hudai ya kuwa suti ya vipande viwili ichukue saa zisizopungua 50 za kazi ya mkono. Mteja hukatiwa kielelezo chake mwenyewe cha karatasi, na koti hupigwa bandi na kujaribiwa mwilini kabla ya kushonwa kabisa. Njia ya kati ni kuchukua kielelezo kilichopo na kukirekebisha kwa vipimo vya mteja. Muuzaji aitaye njia hiyo ya kati kwa jina la ile ya kwanza amezidisha maneno.

SHERIA NI ILE ILE KWA KANZU NA KAUNDA

Mambo hayo hayaihusu suti ya Kiingereza peke yake. Suti ya Kaunda, iliyopata jina lake kwa Kenneth Kaunda, Rais wa Zambia tangu 1964 mpaka 1991, huvaliwa bila tai. Mnamo Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliikataza isivaliwe Bungeni, na watu wakabishana sana. Ubishi huo ni wa desturi; kwa upande wa ushonaji koti la Kaunda ni mtihani mgumu, kwa sababu hakuna tai ya kuficha kosa la shingoni.

Kanzu ya pwani haina pamba begani wala kanvasi, na kwa hiyo yote imo katika ukataji. Fundi hukata badani za mbele na nyuma, kisha huongeza taharizi ubavuni ili mvaaji apige hatua, na vikwapa chini ya mikono ili mkono uinuke bila kuivuta nguo nzima. Kikwapa kikisahauliwa, kanzu huanza kupasuka siku mwenyewe ainuapo mikono kuomba dua. Kofia ya viua nayo, inayotiwa nakshi kwa sindano tundu kwa tundu, huchukua wiki nyingi; aipataye kwa bei ya chakula cha mchana ajue ya kuwa imepigwa na mashine.

FUNDI WA MTAANI

Si lazima mtu asafiri mpaka London. Mafundi wengi wa Kenya, warithi wa wale walioketi barazani mwa maduka ya Wahindi na cherehani za miguu, waweza kushona koti jema. Mara nyingi kiwazuiacho ni mteja mwenyewe. Hufika Jumatatu akasema, "Fundi, nataka suti Jumamosi, nina arusi." Fundi mwenye kuiheshimu kazi yake hujibu, "Bwana, kwa Jumamosi nitakupa gundi. Nipe wiki tatu nikupe koti." Wengi huondoka kwenda kumtafuta atakayekubali Jumamosi.

Anayetaka kufaidiwa na fundi wa mtaani ayashike mambo machache. Anunue kitambaa mwenyewe baada ya kukipima; mita tatu na nusu za jora pana humtosha mtu wa kadiri kwa koti na suruali. Kama ni pamba, kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili kirudi kabla hakijawa nguo. Aombe kuona ndani ya koti ambalo fundi amekwisha kulishona, wala si nje tu. Waelewane tangu mwanzo kama ni kanvasi au gundi, na ni akiba kiasi gani itakayoachwa katika mishono. Alipe arubuni, na sehemu ya fedha abaki nayo mpaka amejaribu mara mbili: mara ya kwanza koti likiwa na bandi, mara ya pili kabla ya kutiwa vifungo. Katika kujaribu asisimame kama mti. Aketi, anyoshe mkono, ainame kuokota kitu, maana ndivyo atakavyoishi nayo.

KUITUNZA

Suti njema huuawa nyumbani mara nyingi kuliko njiani. Isivaliwe siku mbili mfululizo, kwa kuwa sufu huhitaji siku moja ya kupumzika ili ikauke na kunyoka. Ipigwe brashi kila jioni, maana vumbi ni kama tupa: hukata nyuzi kidogo kidogo. Itundikwe kwenye kitundikio kipana, si msumarini. Isifuliwe mara kwa mara. Doa lifutwe mahali pake. Pasi isiguse sufu yenyewe, bali itanguliwe na kitambaa kibichi cha pamba. Na mwenye pasi ya makaa aihadhari cheche. Kabla ya kuihifadhi kwa muda mrefu isafishwe kwanza, kwa sababu nondo hupenda sufu yenye jasho na mafuta kuliko iliyo safi.

Atendaye hayo atagundua ya kuwa hesabu ya bei hubadilika. Koti la gundi linunuliwalo kwa nusu ya bei na kutupwa mwaka wa pili limekuwa ghali kuliko la kanvasi litakalovaliwa miaka kumi, kisha likapunguzwa na kumfaa kijana wa nyumba hiyo. Na huko sokoni, makoti mawili yatundikwapo tena msumarini kwa bei moja, mwenye kujua atatia kidole chake karibu na tundu la kifungo, atahisi kile kitambaa cha tatu kikiteleza, na atalipa bila kusema neno.